Chini ya Kiwanja Kuna Nini?

Ukitaka kujua kwamba mwanafunzi wa hapa Dodoma ameanza kuwaza maisha, sikiliza anachoongea siku boom likiingia. Mwaka wa kwanza ni simu na viatu. Mwaka wa pili ni godoro na mtungi wa gesi wa geto. Ikifika mwaka wa tatu yanaanza maneno mapya: kitalu, bikoni, mchoro, hati, dalali. Watu wawili watatu wanachanga wapate kiwanja Ng'hong'hona, Nala au Ihumwa kabla bei haijapanda tena. Siwalaumu hata kidogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Mji ukikua kwa kasi hiyo, anayesubiri ananunua mbali.

Shida yangu ni maswali tunayouliza tukishafika kiwanjani. Tumeyakariri kama wimbo wa taifa. Kimepimwa? Bikoni zipo? Ni hati au barua ya toleo? Jina la muuzaji ndilo lililoko kwenye karatasi? Nguzo ya umeme iko umbali gani? Ni maswali ya maana, na wapo waliolizwa kwa kutoyauliza. Lakini yote yanahusu karatasi, au vitu vinavyoonekana juu ya ardhi. Sijamsikia mtu akiuliza mahali hapo palikuwa nini kabla hapajaitwa kiwanja, na hasa kama palikuwa dampo, au jirani na dampo, lililofungwa likafukiwa na kusahauliwa.

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kuangalia kiwanja pembezoni mwa mji. Bei ilikuwa karibu nusu ya viwanja vya upande wa pili wa barabara. Dalali alikuwa mchangamfu: "Dogo, cheki palivyonyooka hapa, msingi hautakula hata tofali." Kweli palikuwa pamenyooka, tena kupita kiasi kwa sehemu ambayo pande zote mbili zina makorongo. Pembeni alikuwapo mzee na mbuzi wake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza kama tunataka kununua. "Wajukuu zangu, hapo lilikuwa korongo. Magari yalikuwa yanakuja kumwaga taka, miaka na miaka. Baadaye wakaleta kifusi." Binamu yangu alichokonoa udongo kwa kipande cha chuma. Haikufika hata nusu mita, ikatoka mifuko ya rambo, vigae vya chupa na soli ya yeboyebo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo rambo ikitoka chini kwa wingi namna ile, unaweza hata kukisia umri wa taka zenyewe. Dalali hakutetereka. "Taka za zamani hizo, zimeshaoza."

Neno hilo, "zimeshaoza", ndilo linalouza viwanja vya namna hii, na si la kweli kiasi hicho.

Taka zilizofukiwa haziozi kama majani ya mgomba yaliyolala shambani. Zikikosa hewa, zinaozeshwa polepole na bakteria wanaoishi bila oksijeni, na kazi yao inatoa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani na nyingine kubwa ni kaboni dayoksaidi. Methani haina harufu wala rangi. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha. Gesi hii inatembea kufuata nyufa za mwamba, mchanga na mitaro ya mabomba, na haijui bikoni ya jirani iko wapi. Taka zenyewe zinatitia kadiri zinavyooza, na hazititii sawasawa, ndiyo maana ukuta unapasuka kwa mshazari na mlango unakataa kufunga. Halafu kuna maji. Mvua ikipita kwenye taka inatoka chini ikiwa nyeusi, imebeba chumvi, amonia, na madini kama risasi kutoka kwenye betri za zamani. Plastiki, vioo na hayo madini hayaozi kabisa.

Mtu wa hapa atajibu kwamba Dodoma ni kukavu. Tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Hayo maji ya kuosha taka yanatoka wapi? Hoja nzuri, ila nadhani inageuka dhidi ya anayeitoa. Bakteria wanahitaji unyevu. Mahali pakavu taka zinaweza kukaa miaka mingi zikiwa zimelala, hazijamaliza kuoza. Kisha unakuja wewe na nyumba yako. Unachimba shimo la choo na shimo la kufyonza maji, unaweka bomba linalovuja kidogo, unamwagilia maua na mchicha. Unaziamsha. Na mji huu umekunywa maji ya ardhini muda wote: visima vya Makutupora ndivyo vilivyoubeba, na huku mitaani wenye nacho wanachimba vya kwao na kutuuzia kwa ndoo. Kisima kilichochimbwa karibu na korongo lililojazwa taka kitatoa maji meupe tu machoni, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwamba dampo lililofungwa bado linafanya kazi chini kwa chini, si lazima tutafute ushahidi mbali. Dampo la Mtoni, Dar es Salaam, lilipofungwa, yaliingizwa mabomba kuvuta gesi na kuichoma, katika mradi uliosajiliwa kwenye utaratibu wa hewa ukaa wa Kyoto. Wawekezaji hawaingizi mabomba kwenye taka zilizokwisha kuoza. Mfano mbaya zaidi ni wa Uingereza, kijiji cha Loscoe, mkoa wa Derbyshire. Dampo la pale liliacha kupokea taka mwaka 1982. Machi 1986 kanieneo ya hewa ilishuka ghafla, gesi ikapanda kupitia mwamba hadi chini ya nyumba moja ya jirani, na nyumba ikalipuka. Waliokuwamo walijeruhiwa vibaya. Nyumba haikuwa juu ya dampo, ilikuwa karibu nalo tu.

Baada ya Loscoe, Waingereza waliweka sharti kwamba ombi la kujenga ndani ya mita 250 kutoka eneo lililotumika kwa taka katika miaka 30 iliyopita lipelekwe kwanza kwa mamlaka ya taka itoe maoni. Leo wakala wao wa mazingira ana ramani ya madampo ya kihistoria ya England, kama 20,000 hivi, na mtu yeyote anaweza kuifungua akaangalia nyumba anayotaka kununua iko umbali gani. Ramani hiyo ina mapengo, maana mengi ya madampo hayo ni ya enzi ambazo hakuna aliyekuwa akiandika. Hata hivyo ipo. Mimi na wewe tuna mzee mwenye mbuzi.

Nchini kwetu madampo yanajulikana sana mahakamani, ardhi zake ndizo zinasahauliwa. Wenzetu wa sheria wanaijua kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Wakazi wa Tabata, wamechoshwa na moshi, harufu na nzi, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988, na mahakama ikaamuru Jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likawa linarudi kuomba liongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasimamia Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Ni hukumu ya kujivunia, na kwenye mitihani inaandikwa kila mwaka. Lakini tazama kilichofuata. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, kwenye bonde la Msimbazi. Zikaenda Mtoni. Zikaenda Pugu Kinyamwezi. Kila zilipoondoka ziliacha shimo lililojaa, na mji ukaja ukalizunguka. Kesi ilihusu nani aache kumwaga. Habari ya nani atakuja kujenga juu yake haikuwa mezani. Tabata angalau jina limebaki: mpaka leo kuna mahali panaitwa Tabata Dampo. Jina la mtaa limefanya kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na rejista.

Ajabu ni kwamba sheria yetu ya ardhi iliona mbali. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kwenye kifungu cha ardhi hatarishi, inataja maeneo ambayo kuyaendeleza kunaweza kuleta hatari kwa maisha au kuharibu mazingira. Kila mtu anakijua kipande cha mita 60 kutoka kingo za mto, kwa sababu ndicho kinachokuja na tingatinga. Kwenye orodha hiyohiyo kuna ardhi iliyotengwa au kutumika kutupia taka hatarishi. Hicho sijawahi kumsikia dalali, mtendaji wala mwanasiasa akikitaja. Najua mtu wa sheria atanisahihisha kwamba taka hatarishi ni jambo moja na taka za sokoni ni jingine. Kwenye karatasi, sawa. Ila kwenye dampo la zamani, lisilokuwa na uzio wala mizani, nani alikuwa anatenganisha betri, sindano za zahanati na oili chafu ya gereji na maganda ya ndizi?

Dodoma ina sababu yake ya ziada ya kusahau. Mji huu umepangwa tangu 1973, serikali ilipoamua makao makuu yahamie hapa na CDA ikaundwa kuujenga. Mei 2017 CDA ikavunjwa, kazi na mafaili yake yakaenda Manispaa. Aprili 2018 Manispaa ikawa Jiji. Ikaja Mipango Kabambe mipya, ya 2019 hadi 2039. Sasa chukua ofisa aliyejua kwa kichwa kwamba taka za miaka ya themanini zilikwenda korongo fulani. Amestaafu, au amehamishiwa mkoa mwingine, au ametangulia mbele ya haki. Kwenye mchoro mpya lile korongo lililofukiwa ni sehemu nyeupe iliyonyooka, na mpangaji mji akiona sehemu nyeupe iliyonyooka anakata viwanja. Hakuna uovu wowote hapo. Ni kumbukumbu tu haijahamishwa pamoja na makabati.

Na hati haikusaidii. Hati inakueleza jina, kitalu, namba ya kiwanja, matumizi, muda na masharti. Ukienda kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi utajua kama kiwanja kimewekwa rehani au kina zuio. Utarudi umefurahi, na hutakuwa umejifunza chochote kuhusu kilichofukiwa.

Kwa hiyo ukaguzi tunaufanya wenyewe, na kwa mwanafunzi mwenye simu na siku mbili za wikiendi inawezekana. Mimi naanza na watu. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa mgeni kama wewe, na pengine ana maslahi yake kwenye mauzo, kwa hiyo tafuta waliokuwapo kabla ya vipimo: wenyeji wa Kigogo waliolima pale, wachungaji, waokota chupa na vyuma, madereva wa zamani wa magari ya taka. Usiulize "hapa pana tatizo?" maana utajibiwa hapana. Uliza "zamani taka za mji zilikuwa zinamwagwa wapi?" na umwache mtu asimulie. Uliza pia majina ya zamani ya mahali. Jina la Kigogo la korongo linaweza kuwa limepotea kwenye mchoro lakini bibi wa nyumba ya tatu analo.

Kisha nenda kwenye picha za setilaiti. Google Earth ya kompyuta ni ya bure na ina kitufe cha kurudisha miaka nyuma. Picha safi za Dodoma hazirudi mbali sana, ila zinatosha kuona korongo lililokuwa wazi mwaka fulani likiwa limejaa miaka kadhaa baadaye, au doa la kijivu lenye njia ya magari inayoingia na kuishia hapohapo. Ukitaka kwenda nyuma zaidi kuna picha za Landsat, nazo za bure, zilizoanza 1972. Ni za ukungu ukungu na kidampo kidogo hutakiona, lakini kubwa litajionyesha.

Baada ya hapo chimba. Sizungumzii utafiti wa mamilioni. Mlipe kijana achimbe shimo la mita moja na nusu kwenye kona mbili tatu za kiwanja, ukiwa umesimama hapo, na usiingie shimoni kama kuna harufu ya mayai viza. Muuzaji akikataa shimo dogo, jibu umeshapata. Nenda pia wakati wa masika uone maji yanatoka wapi na yana rangi gani, na tazama nyumba za jirani kama zina nyufa za mshazari. Kama unategemea kisima, peleka maji maabara kabla ya kulipa, si baada. Mwisho pita ofisi ya mipango miji ya Jiji uombe kuona mchoro, siyo wa kitalu chako tu, na vitalu vinavyokizunguka.

Kuna pingamizi moja linaloninyima usingizi kuliko lile la ukavu. Tukiyachora madampo ya zamani kwenye ramani, watakaoumia kwanza ni nani? Waliokwisha kujenga hapo, na waliojenga hapo ni watu wa kipato cha chini walionunua kwa sababu ilikuwa bei poa. Tuliona bonde la Msimbazi, Desemba 2015: alama nyekundu ya X ukutani leo, tingatinga kesho. Mama ntilie anayeishi juu ya korongo lililofukiwa hatakushukuru kwa ramani yako kama maana yake ni kulala nje. Hata asipobomolewa, nyumba yake itakosa mnunuzi.

Naliona hilo, na bado nataka ramani, kwa sharti kwamba ianze na viwanja ambavyo havijauzwa. Jiji lenyewe ndilo mpimaji na muuzaji mkubwa wa viwanja hapa, kwa hiyo linaweza kuanza kesho bila kumgusa mkazi hata mmoja: kwenye kila mchoro mpya uwekwe mstari wa eneo lililowahi kupokea taka, na ukanda wa tahadhari kulizunguka ambamo hapagawiwi makazi wala hakichimbwi kisima. Kuna matumizi mengi ya ardhi ya namna hiyo, miti na maegesho yakiwemo. Kwa wanaoishi humo tayari, kitangulie kitu chenye manufaa kwao: maji ya bomba ili waache kisima, na upimaji wa gesi kwenye vyumba. Kuwaficha hakuwalindi. Kwa sasa nao wanalala juu ya kitu wasichokijua, tena na jiko la mkaa ndani.

Wapo watakaosema tuna dampo la kisasa Chidaya, kata ya Matumbulu, lililojengwa kupitia mradi wa TSCP kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hivyo hadithi ya makorongo imekwisha. Chidaya ni hatua kubwa kweli. Lakini hilo nalo litajaa. Mwaka huu inawezekana kuandika mipaka yake, mashimo yake yalifunikwa lini na ndani kuna nini, kwa sababu watu wanaofanya kazi pale wapo na wanakumbuka. Baada ya miaka 40 itabidi tumtafute mzee mwenye mbuzi. Na majanga ya jirani zetu yanaonyesha watu wanavyosogea: Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, zaidi ya watu 110 walifukiwa, Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, zaidi ya 30. Waliokufa wengi waliishi ubavuni mwa dampo.

Hapa ndipo nawageukia wenzangu. Tuna watu wa jiolojia, wa mazingira, wa jiografia na wa sheria katika chuo kimoja, na jirani tuna Chuo cha Mipango kinachofundisha kazi hizohizo. Kila mwaka tunaandika mamia ya ripoti za utafiti wa mwaka wa mwisho, nyingi zinalala kabatini, na nyingine, tusidanganyane, zinafanana hadi makosa ya tahajia. Madampo yaliyofungwa ya Dodoma ni mada iliyo mlangoni: mahojiano na wazee, picha za setilaiti, mashimo ya majaribio, sampuli za maji. Kikundi cha watu 6 kinaweza kumaliza kata moja kwa muhula, na ramani ikabandikwa kwenye ubao wa serikali ya mtaa.

Ofisi nazo ziulizwe kwa maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kupata taarifa za mazingira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Serikali yetu ya wanafunzi imeshaandika barua nyingi kuhusu boom, ni mabingwa wa hilo. Iandike moja kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala NEMC, kuuliza maeneo yote yaliyotumika kwa taka tangu 1973, yalifungwa lini, na yapo kwenye vitalu gani sasa. Ikafikishwe kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ibandikwe kafeteria tuzihesabu siku wote.